Mashavu ya Shangazi

Jumatatu saa tatu asubuhi Profesa alitangaza kwamba kima wanne watauawa Alhamisi, kisha akaomba apitishiwe sukari. Kopo la sukari lilikuwa mbele yangu. Nikampa. Mpaka leo nikikumbuka jinsi mkono wangu ulivyonyooka kwa adabu naona aibu, lakini siku ile sikuona aibu hata chembe. Nilikuwa na hasira tu, tena hasira iliyokosea njia: niliikasirikia dawa.

Katika maabara yetu kulikuwa na kima kumi na sita wa aina ya makaku, wenye manyoya ya kahawia na nyuso za waridi. Wote walikuwa wameambukizwa virusi vya kima, ndugu wa karibu wa virusi vya UKIMWI, vinavyokula kinga ya makaku kidogo kidogo kama vile vyetu vinavyokula ya binadamu. Kila asubuhi kila mmoja alipewa tonge la ndizi iliyopondwa na siagi ya karanga. Matonge ya wanane yalikuwa na kidonge ndani yake, cha rangi ya chungwa, kidogo kuliko punje ya mahindi. Matonge ya wanane wengine hayakuwa na kitu. Kidonge hicho ndicho tulichokuwa tunakijaribu. Kama kingewafaa kima, kingeanza safari ndefu ya kuwafikia watu.

Na kilianza vizuri. Wiki ya pili tulipima damu ya wale wanane na kukuta dawa kwa wote, na virusi vikishuka kwa wote. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba njiani kama mwehu. Lakini wiki ya saba virusi vilikuwa vimepanda tena kwa wanne, na wiki ya nane vikapanda zaidi. Utaratibu wa jaribio ulikuwa wazi: kima ambaye dawa imeshindwa kwake kwa vipimo viwili mfululizo analazwa kwa sindano, asiamke tena, halafu matezi, utumbo na ubongo wake vinachunguzwa ili kuona virusi vilijificha wapi. Ripoti ingepelekwa Ijumaa kwa waliogharimia jaribio. Ingesema dawa imeshindwa kwa nusu ya kima, na dawa iliyoshindwa kwa nusu hakuna anayeiendeleza. Inafungiwa kabatini, basi.

Profesa aliyasema haya yote huku akikoroga chai. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya kusoma taarifa, na hakuna siku aliyowaita wanyama kwa kitu kingine zaidi ya namba. Majina yanaharibu jicho, alipenda kutuambia. Kwa hiyo watakaokufa walikuwa Namba Nne, Namba Saba, Namba Nane na Namba Kumi na Moja. Sisi wengine tuliwajua kwa majina waliyopewa na Kobe, mlishaji wa zamani. Namba Nne alikuwa Mheshimiwa, kwa sababu hakula mpaka asubiriwe. Saba na Nane walikuwa Pacha. Na Kumi na Moja alikuwa Shangazi, jike la makamo ambaye haijatokea asubuhi hata moja akakosa la kulalamikia: maji ya jana, jirani anayekoroma, wewe uliyechelewa. Alikushika kidole kupitia nondo na kukusomea mashtaka yote, kisha akageuza shavu ukune.

Kobe mwenyewe alipewa jina hilo na watu wa maabara kwa mwendo wake. Alikuwa mzee mwembamba, mwaka mmoja au miwili kabla ya kustaafu. Nilipoajiriwa, miezi michache baada ya kumaliza chuo, nilimkuta akilisha kima kumi na sita kwa karibu saa tatu nzima. Alikuwa anampa mmoja tonge, anageuza ndoo na kuikalia, anasubiri. Anapiga naye soga. Anamnyunyizia maji mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Anamkanda shavu kwa kidole gumba, toka chini ya taya kwenda juu. Anasubiri tena. Halafu ndipo anahamia kizimba kinachofuata, na ndoo yake.

Mimi niliyaona hayo nikaona upotevu wa muda. Wiki ya tatu nikachora mzunguko mpya: sinia moja, dakika moja kwa kila kizimba, fomu yenye visanduku, alama ya vema kima akiweka tonge mdomoni. Dakika arobaini kazi imekwisha, na damu inatolewa kabla ya saa sita. Profesa aliusifu mzunguko huo kikaoni mbele ya watu wote, akasema hivi ndivyo vijana wanavyotakiwa kufikiri. Kichwa kilinivimba kwa wiki nzima. Kobe akahamishiwa chumba cha kuoshea vizimba, na kazi ya kulisha, pamoja na saini ya kuthibitisha kwamba kila mnyama amepata dawa yake, ikawa yangu.

Jioni ya Jumatatu hiyo nilifika nyumbani nikiwa nimefura. Naishi na mama mdogo. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, kwa cherehani yake ya mguu na sare za shule za watoto wa watu. Yeye mwenyewe anaishi na virusi kwa miaka kumi na minne sasa. Kwetu si siri. Dawa zake hukaa juu ya friji kando ya redio, na mimi nilisomea nilichosomea kwa sababu ya chupa zile. Nilimweleza yote nikizunguka chumbani: dawa imetusaliti, kima wetu watakatwakatwa, miaka ya watu imepotea bure. Yeye alikuwa anapinda pindo la kaptula. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Walimeza?" akauliza.

Nikamwambia walipewa kila siku, tena mimi mwenyewe nilipiga vema.

"Sijauliza kama walipewa."

Nikamweleza jinsi tonge linavyoingia mdomoni, jinsi ninavyosimama pale dakika nzima. Akaanza kucheka. Alicheka kwa namna iliyonikera, akaweka kaptula chini, akavua miwani.

"Mwaka wa kwanza nilipolazwa," alisema, "nesi alikuwa ananisimamia hapo hapo. Naweka kidonge mdomoni, nakunywa maji, nafungua mdomo, anaangalia, anaandika. Akigeuka tu nakitoa shavuni nakifunga kwenye leso. Miezi mitano, mwanangu. Daktari akaja akasema dawa zimeshindwa. Wakanihamishia zile za pili, zikanitapisha mwaka mzima. Hakuna aliyeniuliza kitu."

Sikujua hilo. Nilikuwa mtoto wakati ule, nakumbuka ndoo kando ya kitanda chake na mimi nikienda kuimwaga. Hasira ikanigeukia upande mwingine. Nilimuuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake: kwa nini, kwa nini ujitese, kwa nini unitese mimi.

"Nilikuwa na hasira kama wewe sasa hivi. Watu wote walikuwa wananitazama mdomoni. Hakuna aliyenitazama usoni." Akavaa miwani yake. "Na usinipandishie sauti. Mimi si kima wako."

Nikaomba radhi. Lakini nilishaacha kumsikiliza, kwa sababu neno moja lilikuwa limenikwama kichwani: shavuni. Mwaka wa pili chuoni nilichora kichwa cha makaku kwenye mtihani, nikaweka mishale na majina, na mojawapo ya mishale ilionyesha mfuko wa shavuni, pale kima anapoficha chakula ili akitafune baadaye kwa raha zake. Niliandika na maelezo yake chini. Nilipata maksi zote.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikwenda chumba cha kuoshea. Kobe alikuwa amevaa buti za mpira, anapiga maji ya moto kwenye sinia za chini ya vizimba. Aliniona, akaendelea na kazi. Alimaliza sinia ile, akachukua nyingine, akaimaliza na hiyo. Nilisimama mlangoni, mvuke ukinilowesha nywele, na nilijua kabisa kwamba ananisubirisha makusudi.

"Shikamoo mzee," nikasema kwa mara ya pili.

"Marahaba, bosi."

Nikamuuliza kama kima wale wanaficha matonge. Akafunga bomba. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba aliniambia. Wiki ile ya tatu alikuja mezani kwangu akasema hawa wanaweka akiba mashavuni, usiwaache mpaka shavu liwe tupu, nami nikamjibu kwamba asante mzee, hilo nimelisoma. Nilipomjibu sikunyanyua hata macho kutoka kwenye jedwali langu. Tena alimwambia Profesa alipoona madoa ya rangi ya chungwa kwenye maranda ya chini ya vizimba, hasa kizimba cha Mheshimiwa na vya Pacha. Profesa akamjibu kwamba mambo ya kulisha yana mwenyewe, amwone binti.

"Nikasema ah. Binti nimeshamwona," alimalizia.

Nilimwomba aje anionyeshe. Nilidhani atakataa, lakini alivua buti, akavaa viatu vyake, akaja na ndoo.

Tulianza na Shangazi. Nilimpa tonge kama kawaida yangu. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitia mdomoni, taya zikacheza. Dakika ikaisha. Kwenye fomu hapo ningepiga vema na kuondoka. Kobe akageuza ndoo, akakaa. Alimuuliza Shangazi habari za siku nyingi, naye akamjibu kwa mlio mrefu wa manung'uniko. Alikuwa hajamwona karibu miezi miwili. Alimshika kidole, akamsomea mashtaka ya miezi miwili yote kwa pamoja. Kisha akageuza shavu. Kobe akalikanda kwa gumba, toka chini ya taya kwenda juu, taratibu, na tonge likadondoka kwenye kiganja chake. Lilikuwa limelowa, limebonyea kidogo upande mmoja. Alilipasua kwa ukucha. Kidonge kilikuwa kizima, kimeng'aa kwa mate.

"Mara nyingine anameza, mara nyingine hamezi," Kobe alisema. "Huyu ni kichwa ngumu wa katikati. Mheshimiwa ndiye hamezi kabisa."

Nilikaa sakafuni. Wiki sita, alama za vema mia tatu na zaidi, zote kwa mkono wangu, zote kwa wino wa buluu.

Mchana nilikwenda ofisini kwa Profesa. Njia nzima nilijiambia kwamba atakasirika na kufokea ukuta, halafu atasimamisha kila kitu. Nilikuwa bado na imani hiyo. Nilimweleza kuhusu mashavu, maranda na kidonge kizima. Nilisema sampuli za damu za kila wiki zimo kwenye friza, tupime kama zina dawa, siku moja inatosha. Tangu wiki ya pili hatukupima tena kiasi cha dawa ili kubana matumizi, lakini damu ipo.

Alinisikiliza akiwa ameunganisha vidole.

"Huo mzunguko aliubuni nani?"

"Mimi."

"Na saini za kila siku ni za nani?"

"Zangu."

"Kwa hiyo unachoniambia ni kwamba umeniandikia uongo wiki sita."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa tayari kwa lolote baada ya hapo isipokuwa kile kilichofuata, maana alitabasamu. Akasema mimi ni kijana mwenye kipaji, na kwamba kosa la aina hii likitoka nje linamzika mtu kabla hajaanza. Yeye hana haja ya kunizika. Ripoti itasema kilichoandikwa kwenye fomu, fomu zina saini, jina langu litakuwa la tatu kwenye orodha ya waandishi, na jaribio linalofuata nitalisimamia mwenyewe. Dawa ziko nyingi, akasema. Hii ikienda, nyingine itakuja.

Nilimuuliza kuhusu wanyama.

"Wanyama walikuja hapa kufa," akasema. "Ulifikiri wamekuja kufanya nini?"

Kilichonichoma zaidi ni kwamba kwa sehemu alikuwa na haki. Ni kweli walikuja kufa. Lakini nilikuwa nimejiambia, kila asubuhi nikivaa koti jeupe, kwamba watakufa kwa jambo la kweli, kwamba kila kima mmoja atamfikia mtu fulani kitandani na kumwinua. Sasa watakufa ili kalenda ya mtu isiharibike, na dawa itazikwa nao, na mtu yule kitandani hatajua kamwe kwamba aliibiwa. Nikamwambia sitatia saini fomu ya Alhamisi. Fomu ya kumlaza mnyama inahitaji saini mbili: ya mlishaji, kuthibitisha kwamba mnyama alipata dawa mpaka mwisho, na ya daktari wa wanyama.

"Saini ya mlishaji," alisema, akivuta kompyuta yake karibu. "Kesho naweza kumteua mlishaji mwingine. Funga mlango ukitoka."

Niliubamiza. Haikusaidia kitu.

Daktari wa wanyama, ambaye sote tulimwita Dakta, alikuwa mama wa makamo mwenye sura ya uchovu. Alipenda kula peke yake. Nilikuwa simpendi. Nilimwona mtu wa ndiyo mzee, anayetia saini na kwenda zake. Jumatano saa nne niliingia ofisini kwake na Kobe nyuma yangu, nikamkuta anamenya yai la kuchemsha. Nilianza kueleza, nikatoka nje ya mstari, nikaanza kulia kwa hasira, na Kobe ndiye aliyemaliza maelezo kwa sentensi nne.

Dakta aliendelea kumenya. Alitoa ganda lote bila kulivunjavunja, akaliweka kwenye karatasi.

"Mmekuja kwangu kwa sababu mna imani na mimi," akauliza, "au kwa sababu saini yangu ni ya pili?"

Kobe akacheka puani. Mimi nikasema ukweli: ni kwa sababu ya saini.

"Afadhali." Akafuta vidole. Alieleza kwamba daktari wa wanyama ana haki ya kuomba kipimo chochote kabla ya kumlaza mnyama, na kwamba hakuna anayeweza kumzuia, kwa sababu sindano iko mkononi mwake. Katika miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kuitumia haki hiyo. Alilisema hilo bila kujitetea. "Lakini sikiliza, mdogo wangu. Damu hiyo ikikutwa na dawa, wewe ndiye utakayenitafutia kazi nyingine."

Alitoka mwenyewe kwenda kwenye friza. Sampuli zilipimwa mchana ule na jioni ile. Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi Profesa alipofika kwenye chumba cha upasuaji na mlishaji wake mpya, kijana wa mapokezi ambaye hata glavu hakujua kuzivaa, Dakta alikuwa amesimama mlangoni na karatasi moja. Mheshimiwa na Pacha hawakuwa na dawa damuni tangu wiki ya nne. Hakuna, sifuri. Shangazi alikuwa nayo wiki moja, hana wiki inayofuata, anayo kidogo, hana.

"Hapa hakuna dawa iliyoshindwa," Dakta alisema. "Hapa kuna watu walioshindwa kulisha kima. Sitii saini."

Profesa alisema mengi. Alisema kuhusu mikataba, kuhusu heshima ya taasisi, kuhusu watu wanaosahau nani aliwaajiri. Dakta alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipungue, kisha akamwambia nakala ya karatasi ile imekwenda kwenye kamati ya ustawi wa wanyama dakika kumi zilizopita. Kijana wa mapokezi akavua glavu zake taratibu, akaziweka mezani, akaondoka bila kuaga.

Ripoti ya Ijumaa ilikwenda, lakini ilisema kwamba jaribio limeongezwa wiki nane kutokana na kasoro ya ulishaji iliyogunduliwa na Profesa. Ndivyo ilivyoandikwa: iliyogunduliwa na Profesa. Nilisoma sentensi hiyo nikaichana karatasi, nikachapa nyingine ili niichane tena. Kobe aliponiona aliniambia nisimalize karatasi za ofisi.

Alikubali kurudi kulisha kwa masharti yake. Mzunguko hauna saa. Anayelisha hapigi alama yoyote mpaka shavu liwe tupu chini ya kidole. Na mimi nitabeba ndoo, na saini ya mlishaji ibaki yangu. Nilibeba ndoo wiki nane. Alinifundisha kukanda shavu, alinifundisha kusoma koo la kima linavyopanda na kushuka, lakini hakunisamehe, wala hakujifanya. Nikimsalimu aliitika "marahaba, bosi" vile vile. Niliikubali. Nilikuwa na hasira nyingi za kutosha, sikuhitaji kumkasirikia na yeye.

Nyumbani nilimweleza mama mdogo yaliyotokea. Nilimuuliza kama siku hizi anameza dawa zake kweli. Akanitolea macho.

"Unataka nifungue mdomo?"

Nikasema hapana. Nikamuuliza siku yake ilikuwaje. Akanisimulia, ikachukua muda mrefu, kuhusu mteja aliyeleta kitambaa cha sare mbili akitaka sare tatu, na mimi nikakaa pale nikimtazama usoni mpaka mwisho.

Wiki ya nne baada ya Kobe kurudi, virusi vya Mheshimiwa na Pacha vilishuka. Wiki ya sita havikuonekana kabisa kwenye kipimo, kama ilivyokuwa kwa wale wanne waliokuwa wakimeza tangu mwanzo. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi muda wote. Nilichapisha mchoro wa mistari saba ikishuka pamoja, nikaubandika ukutani.

Mstari wa nane haukushuka. Shangazi alikuwa anameza kila siku, Kobe mwenyewe akimhakikishia, damu yake ikiwa imejaa dawa, na virusi vilikuwa vinapanda. Dakta aliniita akanionyesha majibu ya uchunguzi wa virusi vyenyewe. Vilikuwa vimejenga usugu. Mnyama asiyemeza kabisa, alieleza, virusi vyake havijifunzi kitu. Anayemeza leo na kutema kesho anavipa virusi dawa kidogo kidogo, kiasi cha kuvifundisha kuikwepa, si cha kuviua. Mheshimiwa na Pacha walipona kwa ukaidi wao. Shangazi alikuwa ameniridhisha siku moja na kunikatalia iliyofuata.

Alishakonda. Alikuwa na vidonda mdomoni, na manung'uniko yake yalikuwa yamepungua hadi mlio mmoja mfupi asubuhi. Utaratibu ulisema alazwe, na safari hii utaratibu ulikuwa na haki. Kumwacha kungekuwa kumtesa ili mimi nijisikie vizuri.

Fomu ililetwa Jumanne. Kwenye nafasi ya sababu kulikuwa kumeshachapwa maneno mawili: Dawa imeshindwa. Nikayakata kwa mstari. Nafasi ilikuwa ndogo, ikabidi niandike pembeni, kwa herufi za kubanana, kwamba usugu huu ulitokana na mzunguko wa kulisha wa dakika moja, kwamba mlishaji wa zamani alionya mara mbili, mara moja kwa aliyeubuni mzunguko na mara moja kwa mkuu wa jaribio, na wote wawili hawakusikia. Nikaandika jina langu kamili kama aliyeubuni. Nikaandika na la Profesa. Nikatia saini.

Profesa aliisoma akiwa amesimama. Akasema fomu hii itasomwa na watu wa nje. Nikasema najua. Akasema basi niandike upya kwenye karatasi safi, sababu kwa kifupi, maelezo mengine tutayaweka kwenye faili la ndani. Sauti yake ilikuwa ya kusoma taarifa, lakini karatasi ilikuwa inatikisika kidogo mkononi mwake, na nilifurahi kuiona ikitikisika. Sijutii kufurahi kule.

"Unajiharibia," akasema.

"Hiyo ndiyo fomu, Profesa. Kama unataka nyingine, tia saini wewe kama mlishaji."

Hakutia. Aliiacha juu ya meza na kuondoka, na Dakta akavuta kiti, akaisoma yote pamoja na ya pembeni, akatia saini yake chini ya yangu.

Kobe alikuwa ameshamtoa Shangazi kizimbani na kumlaza kwenye meza, juu ya taulo iliyokunjwa. Hakuwa amefungwa. Alikuwa ameshika kidole cha mzee na kukitazama. Nilisimama pembeni, sikujua niweke wapi mikono yangu, na Kobe bila kugeuka akaniambia nisogee.

"Shika mkono huu mwingine. Usimkaze."

Nikaushika. Ulikuwa wa moto, mwepesi, na kiganja chake kilikuwa kikavu. Dakta akaingiza sindano. Shangazi alitoa mlio wake mfupi, ule wa asubuhi, kisha vidole vyake vikaanza kulegea kimoja kimoja kwenye mkono wangu, na mimi nikaendelea kumshika mpaka Dakta aliposema imetosha, na baada ya hapo pia.